Promota wa salsa angekula wapi Garissa?

Promota wa dansi ni mtu anayekodi ukumbi, kumlipa mpiga muziki na kutangaza tarehe kabla hajajua kama kuna atakayekuja. Watu wasipotokea, hasara ni yake. Ili kujua kama kazi hiyo yaweza kumlisha mtu mjini Garissa, Kenya, tuulize kwanza nani hulipa, na hulipia nini.

Ralph Mercado, aliyefariki 2009, alikuwa miongoni mwa mapromota wakubwa wa salsa mjini New York. Ujanani aliandaa dansi ambazo kiingilio chake kilitegemea ukubwa wa kiuno cha mwanamke aliyeletwa. Ni mzaha, na leo ungemletea matata, lakini ulikuwa na hesabu ndani yake. Salsa huchezwa wawili wawili. Wanaume wakizidi, waliokosa wenzi hubaki wameegemea ukuta, na wiki ijayo hawaonekani. Kiingilio cha namna ile humfanya mwanamume aje na mwenzake. Baadaye Mercado alisimamia wanamuziki, na 1987 akaanzisha kampuni ya kurekodi, RMM. Alipanda ngazi kutoka mlangoni hadi kwa wasanii, kisha kwenye rekodi zenyewe.

Kwenye vilabu vya usiku kuna mlipaji mwingine, naye ni baa. Mwenye klabu humwachia promota usiku wa katikati ya wiki, ambao ungepita bure, akitumaini kuuza vinywaji. Tumaini hilo mara nyingi huvunjika, kwa kuwa wachezaji wa salsa wanasifika kwa kunywa maji. Ndiyo maana promota hutanguliza darasa la wanaoanza, la kulipia, kabla ya dansi yenyewe.

Tulete hesabu hiyo Garissa. Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka juu ya burudani za umma na leseni za pombe, lakini katika mji wenye Waislamu wengi hivi, baa haiwezi kuwa mfadhili. Mwanamume na mwanamke wasio maharimu kushikana mikono hadharani nako hakukubaliki. Kisha kuna usiku wenyewe. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilipiga marufuku kutoka nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Mazoea ya kila wiki hayajengwi juu ya usiku unaoweza kufungwa.

Hata hivyo Garissa hucheza. Katika dhaanto, dansi ya Wasomali, wanaume na wanawake hujipanga safu zinazotazamana, mmoja akiongoza kwa shairi, wengine wakipiga makofi na kukanyaga ardhi kwa pamoja. Hakuna anayemshika mwenzake, kwa hiyo idadi ya wanaume na wanawake haimsumbui mwandaaji. Wanawake wana buraanbur yao harusini: mmoja anaghani, ngoma inapigwa, mwingine anaingia katikati na kutandaza mtandio wake kwa mikono miwili kama mbawa.

Anayelipa hapo ni wenye harusi. Wao hutoa arbuni, hugharamia usafiri wa waimbaji na jenereta. Nani atamdai mgeni wa harusi kiingilio? Kwa hiyo anayewaleta waimbaji ni wakala, na ukumbi ukiwa mtupu yeye hapotezi kitu. Lakini umati si wake, na Ramadhani kazi husimama. Tena mji huu unategemea soko la mifugo. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020, mwenye kutegemea kuuza ngamia ili aoze mtoto alikuwa na la kuahirisha.

Kwa maoni yangu, promota wa salsa angeshindwa Garissa kwa kukosa mlango wa kukatia tiketi. Wachezaji wapo, na walipaji wapo. Wakala wa harusi hana haja ya kuiga ngazi ya kwanza ya Mercado, ila ile ya tatu ingemfaa. Video za harusi huzunguka kwenye simu kutoka Garissa hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na ng'ambo, na mwimbaji aliyelipwa usiku mmoja mara nyingi haambulii kitu zaidi. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kwa kuanzia, wakala, mwimbaji na mpiga video waandikiane, kabla arbuni haijapokewa, rekodi ile itakuwa mali ya nani.