Ute wa samaki ni kinga yake ya kwanza

Ngozi ya tilapia iko na ute unaozuia vidudu. Maji yakichafuka, ao samaki wakisongamana mu shimo, nguvu yao ya kujikinga inapunguka. Mukiwaona wanajisugua chini ao wanatafuta hewa juu ya maji, musikimbilie dawa: simamisheni mbolea, ingizeni maji mapya.

Mara nyingi vidudu vinafika pamoja na vitoto vya samaki tunavyonunua. Mbele ya kuvitia mu shimo, tunaviogesha: gramu 200 za chumvi ya jikoni, iliyoyeyushwa mu litri 20 za maji, dakika 10. Vikianza kupinduka, muvitoe palepale. Kisha tieni vitoto 2 tu kwa kila metri mraba. Chumvi hiyo kidogo inalinda mavuno ya koperative yote.