Maelezo kwa Wenye Magari ya Mizigo: Marekebisho Yanayolazimu Baada ya Injini Kufungwa Kifaa cha Kusukuma Hewa

Wenye magari ya mizigo, madereva na mafundi wa Unguja na Pemba wanaletewa maelezo haya ili wayafahamu mambo yanayofuata baada ya injini ya lori kufungwa kifaa cha kusukuma hewa, ambacho katika gereji hujulikana kwa jina la tabo, au supachaja iwapo kinaendeshwa kwa mkanda. Maelezo haya hayakusudiwi kumzuia mtu asiifanye kazi hiyo. Yanakusudiwa kumtanabahisha kwamba kukifunga kifaa chenyewe ni sehemu ndogo ya kazi, na kwamba sehemu iliyobaki, ambayo aghalabu huachwa kwa kukosa fedha au kukosa subira, ndiyo inayoamua kama gari litaendelea kumlisha mwenyewe au litalala uani kwake likisubiri injini nyingine.

Sababu ya watu kukitamani kifaa hiki inafahamika. Lori lililosheheni mchanga, mawe au saruji likikabiliana na vilima vya Pemba hupanda kwa gia ndogo, taratibu, huku magari mengine yakijipanga nyuma yake, na safari tatu za siku hugeuka mbili. Injini kubwa zaidi ni ghali, na tabo iliyofunguliwa katika injini chakavu hupatikana kwa bei nafuu na kufungwa kwa muda mfupi. Kwa hesabu ya haraka, hiyo ni biashara nzuri.

Injini ya kawaida hupata hewa pale pistoni inaposhuka, na haiwezi kuingiza hewa nyingi kuliko ile inayosukumwa ndani na kanieneo ya hewa iliyotuzunguka. Kwa vile mafuta hayaungui bila ya hewa, kiasi cha hewa ndicho kinachoweka mpaka wa nguvu. Supachaja huzungushwa na krenki shafti, hivyo huitikia papo hapo dereva anapokanyaga, lakini hula sehemu ya nguvu ileile inayoileta. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka katika injini, ambao vinginevyo ungepotea hewani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na mwaka 1954 kampuni ya Volvo ya Sweden ilitoa lori la Titan lenye tabo, ambalo nguvu za injini yake zilipanda kutoka farasi 150 hadi 185. Izingatiwe, hata hivyo, kwamba injini hiyo ilitoka kiwandani ikiwa tayari kwa kazi hiyo. Injini inayozungumzwa hapa ni ile ambayo mtengenezaji wake hakuwa na tabo akilini alipokuwa akiichora.

Jambo la kwanza kufahamika ni joto. Hewa inaposhindiliwa hupata moto. Kila aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyochoma kiganja. Tuchukue hewa ya nyuzijoto 30, kama ilivyo mchana wa kawaida visiwani, ikaongezwa mgandamizo kwa nusu ya kanieneo ya kawaida, yaani takriban paundi 7 kwa kila inchi ya mraba. Tabo iliyo nzima huitoa hewa hiyo ikiwa na nyuzi 80 na ushei. Supachaja ya aina ya Roots, yenye rota mbili zinazopishana, huweza kuitoa ikiwa imefikia nyuzi 100. Hewa yenye moto hutanuka, kwa hivyo mwenye gari anayedhani amepata nusu nzima ya hewa ya ziada, kumbe kwa tabo yake amepata kiasi cha asilimia 28 tu, na juu ya hayo ameiingizia injini hewa ya moto. Hewa hiyohiyo ikipitishwa kwanza katika kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, na kushuka hadi nyuzi 50, ziada hupanda na kufikia asilimia 40. Hivyo basi, intakula si pambo. Hata hivyo hufungwa mbele ya rejeta na kuipunguzia rejeta upepo, na kwa kuwa aghalabu ni ya aluminiamu haipendi hewa ya chumvi; gari linaloegeshwa karibu na pwani liwe na desturi ya kuoshwa intakula yake kwa maji baridi.

Jambo la pili, na hapa ndipo injini nyingi zinapofia, ni kipimo cha dizeli. Tabo peke yake, bila ya kuongezwa mafuta, huleta nguvu kidogo tu. Mafuta yaleyale huungua vizuri zaidi katika hewa nyingi, moshi hutakata, na joto la moshi hushuka. Mwenye gari hujaribu barabarani, haoni alichokitarajia, hurudi kwa fundi, na fundi huikaza skrubu ya pampu ya dizeli. Nguvu huja. Pamoja nazo huja moshi mweusi, ambao baadhi ya madereva huuona kuwa dalili ya injini shupavu, ilhali moshi mweusi ni dizeli iliyonunuliwa kwa fedha na kutolewa nje bila ya kuungua sawasawa. Katika injini ya dizeli mafuta yakizidi hewa, joto hupanda. Hali hii ni kinyume cha injini ya petroli, ambayo huhatarishwa zaidi na upungufu wa mafuta, kwani mchanganyiko wake huweza kulipuka kabla ya wakati na kuigonga pistoni hadi ikatoboka. Fundi aliyejifunza kwa injini za petroli asiibebe kanuni hiyo na kuileta katika dizeli.

Pistoni nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Pistoni husalimika katika moto mkali kuliko huo kwa sababu tu moto ni wa muda mfupi, na joto huondoshwa kupitia ringi na oili kabla ya mlipuko unaofuata. Lori linapopanda kilima kirefu na mguu umekandamiza hadi chini, muda huo wa kupumzika hautoshi. Kwa desturi ya mafundi wa dizeli, joto la moshi kabla ya kuingia katika tabo halifai kuachwa likavuka nyuzi 700 kwa muda mrefu. Hakuna dereva awezaye kulijua joto hilo kwa sikio wala kwa pua. Kwa hiyo geji ya joto la moshi, pamoja na geji ya mgandamizo wa hewa, zihesabiwe kuwa sehemu ya tabo yenyewe. Asiyekuwa na fedha za kununua geji hizo bado hana fedha za kufunga tabo.

Pampu nayo ina lake. Pampu ya injini isiyo na tabo hutoa dizeli kwa kufuata mguu wa dereva na mwendo wa injini, bila ya kujua kama hewa ya ziada imekwisha kufika. Tabo huchelewa kidogo kushika kasi, na katika kuchelewa huko dizeli iliyoongezwa huingia penye hewa kidogo. Pampu za injini za tabo huwa na kiwambo kinachosukumwa na mgandamizo wa hewa, ambacho huzuia mafuta ya ziada mpaka hewa yake iwasili. Ni vyema pampu ikafungwa kiwambo hicho, au ikabadilishwa, na nozeli zikapimwa pamoja nayo katika mashine ya kupimia, badala ya skrubu kuzungushwa kwa kukisia uani.

Viwanda vingine huitoa injini ya ukoo mmoja kwa sura mbili, yenye tabo na isiyo na tabo, na kuzilinganisha ni somo zuri. Injini ya Toyota 1HZ, inayofahamika katika magari ya Land Cruiser na mabasi madogo ya Coaster, haikufungwa tabo kiwandani, na hushindilia hewa kwa uwiano wa zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, yenye tabo ya kiwandani, ina uwiano wa 18.6 kwa 1. Tofauti hiyo iliwekwa kwa makusudi, kwa sababu hewa inayoingia ikiwa imekwisha kushindiliwa haihitaji kushindiliwa tena kwa kiasi kilekile, na mgandamizo ukizidi ndio unaonyanyua silinda hedi na kukata gasketi. Anayeifunga tabo injini ya uwiano mkubwa na aridhike na mgandamizo mdogo. Aidha, kabla ya kazi yoyote injini ipimwe kompresheni. Injini iliyochoka, inayopulizia moshi katika kifuniko cha oili, haifufuliwi kwa tabo. Huzikwa nayo mapema.

Kuhusu oili, shafti ya tabo huweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika na zaidi, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Bomba linaloleta oili lichukuliwe penye mgandamizo wa uhakika. Bomba linaloirudisha liwe pana, literemke moja kwa moja bila ya kupinda juu, na liingie katika sampu mahali palipo juu ya usawa wa oili, kwa kuwa oili hiyo hurudi kwa uzito wake tu. Bomba hilo likibana, oili hupita katika sili za tabo na kuingia upande wa hewa au wa moshi, na mwenye gari huambiwa kwamba tabo yake ni mbovu wakati ubovu ni wa bomba. Itumike oili iliyoandikwa kuwa inafaa kwa injini za dizeli zenye tabo, nayo ibadilishwe mapema kuliko zamani. Dereva naye ajizoeze, baada ya kupanda kilima au kwenda mwendo mkali, kuiacha injini ikizunguka polepole dakika mbili au tatu kabla ya kuizima. Vinginevyo oili iliyobaki katika beringi huungua na kugeuka makaa.

Mafuta zaidi yakiungua, joto zaidi huingia katika maji. Rejeta iliyotosha jana huenda isitoshe leo, na visiwani kuna sababu ya ziada: maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe, ni mazito kwa chokaa, na huacha ukoko ndani ya mirija. Rejeta isafishwe au iongezwe safu, mkanda wa feni na thamostati vitazamwe, na itiwe dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi ya mvua yaliyokingwa masika, ambayo karibu kila nyumba huweza kuyapata bure.

Chujio la hewa liwe kubwa kuliko la awali, na mipira yote baada yake ibanwe kwa vibano madhubuti, kwani vumbi la barabara za shamba likipenya hapo hukwangua pangaboi za tabo na silinda kwa pamoja. Bomba la ekzosi baada ya tabo nalo lipanuliwe.

Nguvu iliyoongezeka hupita katika klachi, giaboksi, propela shafti na difrensha. Klachi ndiyo huanza kulalamika, kwa kuteleza penye kilima, na hiyo ni bahati njema kwa mwenye gari, kwa sababu klachi ni rahisi kuliko difrensha. Akiiweka klachi ngumu zaidi, ajue kwamba mzigo umehamia nyuma.

Lililo zito kuliko yote haliko katika injini. Lori lililokuwa likienda kilomita 60 kwa saa, sasa likaweza kwenda 80 na mzigo uleule, hubeba nguvu ya mwendo iliyoongezeka kwa zaidi ya robo tatu, na breki ndizo zinazotakiwa kuimaliza nguvu hiyo yote. Kilima kinachopandwa kwa furaha kina upande wake wa pili, na huko chini kuna skuli, kuna soko, na watoto wanaotembea kandokando ya lami. Breki, matairi na usukani vitengenezwe kabla ya tabo kufungwa, si baada ya kupatikana fedha. Aidha ieleweke kwamba tabo haiongezi hata kilo moja katika uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba; fremu, springi na ekseli ni zilezile, na barabara ni ileile.

Wale ambao magari yao yamekwisha kufungwa kifaa hiki bila ya marekebisho yaliyotajwa wanashauriwa, kwa sasa, wairudishe skrubu ya pampu mpaka moshi mweusi utoweke, waliangalie bomba la kurudishia oili, na waliendeshe gari kwa mwendo wake wa zamani hadi geji zifungwe na breki zishughulikiwe. Wanapolipeleka kukaguliwa, wamweleze mkaguzi wa vyombo vya moto kwamba injini ina tabo, wamwonyeshe mgandamizo uliowekwa, na wafuatane na fundi aliyeifanya kazi hiyo.