Nairobi 'imejaa', Kibirichia kuna nafasi: Nani atafaidi intaneti ya angani?

Novemba 2024, kama ulikuwa Nairobi na umejipanga kununua Starlink, ulipata jibu la kushangaza: imejaa. Kampuni ilisitisha kuchukua wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na ikachukua zaidi ya miezi sita kuwafungulia tena. Msee anaishi Roysambu, faiba inapita mbele ya geti, bado anaambiwa asubiri foleni ya satelaiti.

Meru haikuwa kwenye ile orodha. Yaani mkulima wa waru kule Kibirichia, Buuri, angeweza kuagiza dishi wiki hiyo hiyo na kuliweka juu ya mabati. Kwa mara ya kwanza ocha ilikuwa na nafasi kwenye netiweki kuliko mjini.

Sasa, wengi wetu tuliichukulia kama meme, tukacheka, tukaendelea kuscroll. Lakini nyuma ya hiyo meme kuna swali zito. Kwa zaidi ya miaka kumi, wakubwa wa teknolojia duniani wamekuwa wakifanyia Kenya majaribio ya kila aina ya intaneti isiyo na waya. Wengine walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Nani hubaki?

Kwanza, mbona ocha netiweki husumbua?

Kibirichia iko kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya. Ni nchi ya baridi, udongo mzuri, na waru. Ukitaka kujua shida yake na simu, angalia ardhi yenyewe: matuta, mabonde, mito inayoshuka kutoka mlimani. Mawimbi ya simu hayapendi hali hiyo. Ukiwa upande wa tuta unaoangalia mnara, unapata 4G fiti kabisa. Shuka bondeni hatua mia mbili, simu inaanza kutafuta.

Halafu kuna hesabu ya masafa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahetsi 700 au 800, hufika mbali na hupenya kuta na miti. Yale ya juu, kama yanayotumiwa sana na 5G, hubeba data nyingi lakini huchoka haraka. Mjini kampuni hupanda minara karibu karibu na mambo yanaenda. Kijijini, ambako nyumba zimetawanyika, mnara mmoja unahitaji barabara, stima, walinzi na wateja wa kutosha kulipia hayo yote. Hesabu isipotoka, mnara hauji.

Na usidhani ni suala la TikTok pekee. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, zahanati inahitaji mtandao ili kumtambua mgonjwa. Mwalimu anapakia alama za wanafunzi kwenye tovuti ya KNEC. Aliyemaliza kidato cha nne anachagua kozi KUCCPS mtandaoni. Kitambulisho, leseni, cheti cha tabia njema, vyote viko eCitizen. Serikali ilihamia mtandaoni, mtandao ukachelewa kuhamia kijijini.

Jaribio la kwanza: mawimbi ya TV

Ukifuata barabara kutoka Meru kuelekea Nanyuki, unafika mahali ambapo moja ya majaribio haya ilianzia. Mwaka 2013, Microsoft, serikali ya Kenya na kampuni ya Indigo Telecom walianzisha mradi wa Mawingu. Wazo lilikuwa rahisi: kati ya chaneli za TV kuna nafasi ambazo hazitumiwi, hasa mashambani ambako stesheni ni chache. Mbona zikae bure? Tumia mawimbi hayo hayo kubeba intaneti.

Na kwa sababu mawimbi ya TV ni ya masafa ya chini, yanazunguka vilima na kupita kwenye miti vizuri kuliko Wi-Fi ya kawaida. Katika majaribio ya Laikipia, kituo kimoja kiliweza kufikia sehemu zilizo umbali wa hadi kilomita 14, kwa kasi ya megabiti 16 kwa sekunde. Vituo viliendeshwa kwa sola. Shule kama Sekondari ya Gakawa ziliunganishwa.

Ilifanya kazi? Ndiyo. Ilienea nchi nzima? Hapana. Vifaa vya mawimbi hayo vilikuwa ghali kwa sababu viwanda vilitengeneza vichache, tofauti na Wi-Fi ambayo iko kwa kila simu. Kanuni zenyewe zilikuja baadaye sana. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, iliidhinisha mfumo wa kutumia mawimbi hayo karibu miaka saba baada ya jaribio.

Lakini Mawingu yenyewe haikufa. Ilijigeuza kampuni ya kuuzia watu wa mashinani intaneti, bila kung'ang'ania teknolojia moja. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Jaribio la pili: baluni

Julai 2020, katikati ya korona, Loon, kampuni ndugu ya Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilirusha huduma ya 4G kutoka kwa baluni. Zilikuwa kama 35, zikielea takriban kilomita 20 juu, zaidi ya ndege za abiria. Zililenga eneo la karibu kilomita 50,000 mraba, magharibi na kati mwa nchi: Iten, Baringo, Nakuru, Kisumu, Narok na kwingineko. Hazikuwa na injini za kuzisukuma. Kompyuta ilisoma upepo wa kila kimo, kisha baluni ikapanda au kushuka kutafuta upepo unaoelekea inakotaka kwenda. Kali, si ndiyo?

Januari 2021, Loon ikatangaza inafunga. Haikupata njia ya kushusha gharama hadi biashara iweze kujilipa. Huduma ya Kenya ikazimwa miezi michache tu baada ya uzinduzi. Mnara mbaya unaweza kurekebishwa na fundi wa mtaa. Baluni ikiondoka imeondoka, huna hata chuma chakavu cha kuuza.

Kuna mtoto aliyezaliwa na Loon, anaitwa Taara. Teknolojia ya kuunganisha baluni kwa miale ya mwanga ilishushwa chini, ikawekwa kwenye minara. Miale hiyo ilivuka Mto Congo kati ya Brazzaville na Kinshasa, karibu kilomita 5, ikabeba data karibu terabaiti 700 kwa siku 20. Adui yake mkubwa ni ukungu. Kama umewahi kulala chini ya Mlima Kenya mwezi wa saba, unajua mbona siwezi kukuahidi hiyo kwa Kibirichia.

Jaribio la tatu, au sasa ni biashara?

Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Dishi lilikuwa karibu Sh90,000. Baadaye bei ikashuka hadi Sh45,500, na dishi dogo Sh27,000. Malipo ya mwezi yalikuwa Sh6,500, na mwaka 2024 wakaleta bando la GB50 kwa Sh1,300. Wateja waliruka kutoka takriban 8,000 Juni 2024 hadi zaidi ya 19,000 mwisho wa mwaka huo. Safaricom, iliyokuwa imeiandikia CA ikitaka kampuni za satelaiti zilazimike kushirikiana na kampuni za hapa, iliongeza kasi ya faiba yake Septemba. Ushindani ni mtamu ukiwa mteja.

Siri ya Starlink ni umbali. Satelaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda na kushuka, kisha jibu kurudi njia hiyo hiyo, ni karibu nusu sekunde nzima. Ndiyo maana simu za kimataifa za zamani zilikuwa na kale kakimya kabla mtu ajibu. Kenya ilitegemea satelaiti hizo kupitia kituo cha Longonot tangu 1970, hadi nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009. Satelaiti za Starlink ziko kama kilomita 550 tu, kwa hivyo safari ya angani huchukua milisekunde chache. Kilichobaki ni safari ya ardhini: Januari 2025 kampuni ilipofungua kituo cha kuunganishia Nairobi, muda wa kusubiri jibu ulishuka kutoka takriban milisekunde 120 hadi chini ya 30.

Lakini kuna mambo mawili matangazo hayakuambii.

La kwanza, ikweta. Njia za satelaiti nyingi za Starlink zimeinamishwa nyuzi 53, kwa hivyo hukaribiana zaidi juu ya latitudo za miji kama London na kuachana zaidi hapa ikweta. Na Kibirichia iko kando kabisa ya ikweta. Tuko mahali ambapo satelaiti ni chache kuliko huko kwa kila kipande cha anga.

La pili, kugawana. Satelaiti hugawia kila eneo kiasi fulani cha data, na wote mlio ndani mnakula sahani moja. Nairobi 'kujaa' ni hilo tu: sahani ndogo, walaji wengi. Kibirichia ina nafasi kwa sababu walaji ni wachache. Siku wote wakinunua, foleni itahamia huko.

Ndiyo maana mimi sisemi satelaiti itaua minara. Satelaiti inafaa nyumba iliyo mbali. Mnara na faiba vinafaa watu wengi walio karibu.

Hustle iliyo hapo katikati

Sasa tuje kwa pesa. Sh6,500 kwa mwezi ni nyingi kwa boma moja la mkulima. Gawa kwa nyumba kumi, ni Sh650 kila moja. Vijana wengi wameiona hesabu hiyo, na pale sokoni unaweza kuuza Wi-Fi kwa saa kama unavyouza chai. Tatizo ni sheria: kifurushi cha nyumbani cha Starlink hakiruhusu kuuzia wengine, na CA inataka leseni kwa yeyote anayeuza intaneti. Ukiuza kimyakimya, siku moja dishi litazimwa, na wateja wako watakutafuta wewe, si Elon Musk.

Kuna njia safi. Tangu 2021, CA ina leseni ya mitandao ya jamii, kwa kikundi kinachohudumia eneo dogo kama kaunti ndogo. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na leseni za kampuni kubwa. Kibera, TunapandaNET walianza kuunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za bei nafuu hata kabla leseni hiyo ije. Chama cha wakulima wa waru, kanisa, shule mbili na zahanati wanaweza kufanya vivyo hivyo: laini moja nzuri, iwe ya satelaiti ya biashara au faiba, kisha antena za Wi-Fi kutoka tuta hadi tuta.

Kabla mtoe hata shilingi, ulizeni haya. Mbele ya dishi kuna mikaratusi? Dishi linataka anga wazi, na mti mmoja mrefu unatosha kukata simu ya video kila dakika chache. Stima ikipotea, sola itabeba? Dishi dogo hula umeme kidogo sana kuliko kubwa, hilo ni muhimu. Na kitu kikiharibika Jumamosi usiku, nani anapanda juu ya mabati?

Hilo swali la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitakuambia usubiri digrii ndiyo ujifunze kulenga antena, kubana kebo ya mtandao au kusoma ripoti ya kasi. Hizo ni kazi za mikono na akili, na kila teknolojia iliyotajwa hapa ilizihitaji.

Nilisema tutarudia Mawingu. Baluni zilikuwa na wahandisi wa hali ya juu duniani na pesa za Alphabet, lakini hazikuwa na mtu wa hapa wa kubaki nazo. Mawingu ilianza na teknolojia ambayo haikuenea, ikabaki kwa sababu ilikuwa na wateja inaowajua na mafundi wanaoweza kufika kwa pikipiki.

Kwa hivyo mwaka ujao kampuni nyingine ikija na droni, laser au kitu ambacho hakina jina bado, msiulize tu kasi ni ngapi. Waulizeni wanafunza vijana wangapi wa hapo, na wakienda wataacha nini mikononi mwao.