Je, Wajua? Bahari ya Kale Chini ya Geita

Je, wajua kwamba majabali ya Shinyanga yana umri mkubwa kuliko sakafu ya Bahari ya Hindi? Graniti ya huku ilipoa na kuganda zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Sakafu ya bahari kuu, karibu popote utakapoipima duniani, haijafikisha hata miaka milioni 200.

Sakafu za zamani zilikwenda wapi? Zilimezwa. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea sentimita chache kila mwaka. Bamba la baharini likizeeka hupoa na kuwa zito, na likikutana na jingine hupinda likazama chini yake. Linapopindia, bahari huwa na mtaro wenye kina cha kutisha. Linaposuguana na mwenzake, ardhi hutetemeka, na matetemeko hulifuata hadi kilomita 700 chini.

Na volkano? Wengi hudhani huwashwa na joto la msuguano. Kinachofanya kazi kubwa hapo ni maji. Bamba linalozama limebeba maji ndani ya madini yake. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji hubanwa yakatoka, yakapanda hadi kwenye mwamba wa moto ulio juu, na mwamba uliopata maji huyeyuka kwa joto dogo kuliko mwamba mkavu. Ndiyo maana volkano za Andes, Japani na Indonesia zimejipanga mstari, sambamba na mtaro wa baharini.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo iliwahi kumeza bahari? Katika miamba ya Usagara kuna jiwe liitwalo eklojaiti, lenye chembe nyekundu za ganeti. Hapo mwanzo lilikuwa lava ya sakafu ya bahari. Likashushwa makumi ya kilomita, likakandamizwa hadi likageuka, kisha likarudishwa juu. Umri wake ni takriban miaka bilioni 2, na ni miongoni mwa ushahidi mkongwe zaidi duniani wa bamba kuzama chini ya jingine. Hazina ya namna hiyo ingestahili kujulikana na kila mwanafunzi wa jiografia nchini.

Geita ni kongwe zaidi. Lava zake za chini zina umri wa miaka bilioni 2.8 hivi, na baadhi zimeganda kwa mafungu ya mviringo yaliyobanana, umbo ambalo lava hulipata ikimwagika majini. Mahali unapokanyaga vumbi jekundu leo palikuwa chini ya bahari. Kama mabamba ya enzi hiyo yalizama kama yanavyozama sasa, wanajiolojia bado wanabishana, ila wengi wanaiona mikanda hii ya miamba ya Usukuma kuwa mabaki ya volkano na mabonde ya bahari yaliyosukumwa yakagandamana.

Sasa dhahabu. Je, wajua kwamba huenda isingekuwapo bila matetemeko? Miamba ilipobanwa, maji ya moto yenye dhahabu iliyoyeyuka yalinaswa kilomita nyingi chini kwa shinikizo kubwa. Tetemeko likipiga, ufa hufunguka ghafla, shinikizo hushuka, na kilichoyeyuka hakina budi kuganda papo hapo: jiwe jeupe la kwatzi, na dhahabu ndani yake. Ufa hujiziba, shinikizo hupanda tena, tetemeko jingine huja. Mwamba wa mgodi wa Bulyanhulu wanaoufuata wachimbaji ardhini ni mkanda wa ufa wa aina hiyo, uliofunguka na kuziba mara nyingi mno. Mchimbaji mdogo aliye ndani ya duara, yaani shimo lake la kuchimbia, akifuata mwamba kwa tindo na nyundo, anasoma historia ya matetemeko ambayo hakuna mtu aliyeyasikia.

Geita kwenyewe kuna jambo la ziada. Dhahabu nyingi ya huko imo katika miamba ya chuma yenye mistari, iliyotuama chini ya bahari ile ile. Dhahabu husafiri majini ikiwa imeshikamana na salfa. Chuma kikaivuta salfa, dhahabu ikaachwa.

Je, wajua kwa nini Bonde la Ufa halipiti Shinyanga? Mkulima wa Kishapu akikuta jabali katikati ya shamba la pamba, plau hulizunguka. Ufa nao umefanya hivyo: ulipolifikia gamba kongwe la miamba ya huku, ambalo mizizi yake inashuka zaidi ya kilomita 150, ukagawanyika. Mkono mmoja ukapita magharibi, kwenye Tanganyika na Rukwa. Mwingine mashariki, kwenye Natron, Manyara na Eyasi.

Ziwa Victoria limelala katikati ya mikono hiyo. Ardhi ya magharibi iliinuka, mito kama Kagera na Katonga iliyokuwa ikienda magharibi ikageuzwa, maji yakatuama. Kina chake ni mita 80 tu hivi. Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, lina takriban mita 1,470.

Kuzungukwa si kusalimika. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera, na Mwanza walilisikia. Tarehe 13 Desemba 1910, eneo la Rukwa lilipigwa na la 7.4. Kwa kulinganisha, tetemeko la Chile la 22 Mei 1960, pale ambapo bamba linazama, lilifika 9.5, nguvu iliyozidi ile ya Rukwa mara elfu moja na zaidi.

Mizizi minene ya gamba letu ndiyo iliyotupa almasi. Almasi hujiumba katika kina cha kilomita 150 au zaidi, kisha hupandishwa na volkano ya kimbalaiti. Bomba la Mwadui, aliloligundua John Williamson mwaka 1940, lina hekta 146 juu ya ardhi na ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Nalo ni la miaka milioni 50 hivi tu. Vilima vya Igwisi mkoani Tabora ndivyo kimbalaiti changa kuliko zote zinazojulikana: vililipuka yapata miaka 12,000 iliyopita, wakati binadamu kama sisi walikuwa tayari wakiishi Afrika Mashariki.

Je, wajua kwamba bamba linalozama mbali nasi hutufikia? Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la Sumatra lilisukuma mawimbi hadi Dar es Salaam, na watu wasiopungua 10 wakafa nchini. Karibu zaidi kuna Makran, mbele ya pwani ya Iran na Pakistani, ambako tetemeko la 28 Novemba 1945 lilipeleka mawimbi hadi Omani. Hapo ndipo bamba la Arabia linapozama chini ya Asia, na wataalamu wengi wanaona mvuto huo umesaidia kuitenga Arabia na Afrika na kuifungua Bahari ya Shamu.

Gamba letu nalo halijatulia. Kati ya mikono miwili ya ufa, Shinyanga, Geita na ziwa lote vimo katika bamba dogo la Victoria, ambalo linazunguka polepole, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa.