Chunusi za Vijana na Krimu ya Siku Tatu

Katika maduka mengi ya vipodozi, na hata juu ya meza za wachuuzi kandokando ya vituo vya daladala, huuzwa krimu zenye ahadi moja: chunusi zitakwisha ndani ya siku tatu. Ahadi hiyo mara nyingi hutimia, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa anayevutwa nayo zaidi ni kijana wa miaka 14 au 16, asiye na fedha nyingi wala mtu wa kumuuliza, ambaye kila asubuhi akijitazama kwenye kioo huona kwamba hawezi kungoja tena.

Watu wa pwani hulitumia neno chunusi pia kwa yule jini wa majini asemwaye kuwavuta waogeleaji kilindini. Sisi tunazungumzia chunusi za usoni tu, ingawa kijana anayeandamwa nazo huenda asione tofauti kubwa.

Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo zimo tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kuilainisha ngozi. Kijana anapobalehe, homoni huzifanya tezi hizo zitoe mafuta mengi zaidi. Wakati huohuo seli zilizokufa hunatana na kuziba tundu la kinyweleo, mafuta hukwama ndani, na bakteria waishio kwa kawaida katika ngozi ya kila mtu hupata mahali pa kustawi. Mwili hupambana nao, na hapo hutokea uvimbe, maumivu na usaha. Katika maelezo haya uchafu haumo. Hata ile ncha nyeusi ionekanayo katika baadhi ya vipele ni rangi ya asili ya ngozi iliyokutana na hewa. Kwa hiyo kujisugua kwa dodoki, sukari au jiwe hakuondoi kitu, bali huijeruhi ngozi ambayo tayari ina uvimbe. Kuosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali kunatosha.

Utasikia pia kwamba chunusi ni dalili ya matamanio, na kwamba zitakoma kijana akioa au akiolewa. Maneno hayo hayana msingi, na humfanya kijana aone haya kumweleza mama au baba yake kinachomsumbua. Akishaona haya, huenda dukani peke yake.

Wenye ngozi nyeusi wana jambo la ziada. Kipele kikishapona, mahali pake hubaki doa jeusi ambalo huweza kukaa kwa miezi kadhaa. Wengi huliona doa kuwa ndilo ugonjwa wenyewe. Binti aliyekuwa akitafuta dawa ya chunusi hujikuta anatafuta dawa ya madoa, na muuzaji humpa krimu ya kung'arisha, au mkorogo uliochanganywa katika kopo lisilo na maandishi yoyote.

Krimu inayotuliza vipele kwa siku mbili tatu na papo hapo kuung'arisha uso, aghalabu ina steroidi yenye nguvu. Steroidi si sumu. Daktari huiandika kwa pumu ya ngozi na maradhi mengine, kwa kiasi na muda maalumu, naye hujihadhari sana kuiandika kwa ajili ya uso. Kazi yake ni kuuzima uvimbe. Haifungui tundu lililoziba wala haipunguzi mafuta, kwa hiyo chanzo cha chunusi hubaki palepale. Baada ya wiki kadhaa ngozi huanza kuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana, malaika huota mashavuni, na vipele vidogo vingi vinavyofanana hujitokeza. Mtumiaji akiacha, uso huwaka na kuvimba kuliko ulivyokuwa mwanzo. Akirudia krimu, hutulia tena. Hivyo madhara yaliyoletwa na krimu huonekana kama uthibitisho kwamba krimu inahitajika, na kopo la pili hununuliwa kwa imani kubwa kuliko la kwanza.

Ili kuitambua, soma kasha kabla ya kulipa. Majina yaliyo muhimu ni klobetasoli na betametasoni. Kwenye kasha huandikwa kwa herufi za Kiingereza, kwa hiyo tafuta neno linaloanza na clobeta- au betametha-. Zipo pia krimu za mseto zenye steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria katika tyubu moja. Hizo hupendekezwa kwa kila kipele bila kuuliza ni kipele gani, nasi tunashauri zisipakwe usoni bila kauli ya daktari. Haidrokwinoni na zebaki ni viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Zebaki huweza kuharibu figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliilenga pia zebaki iliyomo katika vipodozi. Kopo lisilo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi halifai kununuliwa, hata kama rafiki yako limempendeza.

Tuje sasa kwenye dawa zenyewe. Zipo, zinafanya kazi, na zote zina kasoro moja sokoni: huchukua muda mrefu.

Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi na husaidia kuzibua matundu. Hupatikana kwa nguvu ya asilimia 2.5, 5 na 10. Wanunuzi wengi hudhani kwamba asilimia 10 ndiyo bora, kumbe asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa nayo huku ikiunguza ngozi kidogo zaidi. Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito, maana kila mwunguzo huacha doa. Dawa hii pia hung'oa rangi ya nguo. Tumia taulo na foronya nyeupe, na ungoje ikauke kabla ya kuvaa sweta la shule.

Kundi la pili ni retinoidi, kama adapalini na tretinoini. Hizi ndizo huzuia tundu lisizibe tena, na husaidia pia madoa kufifia. Hupakwa usiku, juu ya ngozi kavu, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Hazipakwi juu ya kipele kimoja kimoja, kwa sababu kazi yake ni kukinga vipele ambavyo bado havijaonekana. Anza kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Katika wiki za mwanzo ngozi hukauka, huchunika, na pengine vipele huongezeka. Matokeo ya kweli huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12. Vijana wengi huacha wiki ya tatu, pale dawa inapoudhi zaidi na kabla haijaonyesha faida yoyote, kisha husema dawa ya hospitali imewashinda. Tunashauri uandike tarehe ya kuanza juu ya kasha, na upige picha ya uso mahali palepale penye mwanga uleule kila baada ya wiki nne, kwani kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole. Wakati wa mchana jikinge na jua kwa kofia, mtandio au losheni ya kukinga jua. Retinoidi hazitumiwi na mjamzito wala anayetarajia kushika mimba.

Chunusi zenye usaha mwingi zinaweza kuhitaji antibiotiki ya kupaka, kama klindamisini, au ya kumeza, kama doksisaiklini. Hizi ni dawa za cheti cha daktari. Klindamisini ikipakwa peke yake kwa muda mrefu huwafanya bakteria wasugu, na ndiyo maana huambatanishwa na benzoili peroksaidi. Vidonge hutolewa kwa miezi michache tu. Kuchukua vile vilivyobaki vya ndugu yako si kubana matumizi.

Kuhusu dawa za asili, hatukubaliani na wanaozidharau zote, wala na wanaozisifia zote. Utomvu wa mshubiri hupoza ngozi iliyokauka kwa dawa na hauna madhara kwa walio wengi. Liwa, ambayo akina bibi wa pwani wamejipaka vizazi kwa vizazi, na manjano, hutuliza na kupendezesha, ila tusitarajie vizibue matundu. Mafuta ya mti wa chai, yaliyopunguzwa hadi asilimia 5, yalilinganishwa na benzoili peroksaidi katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1990. Yalisaidia, ingawa kwa mwendo wa polepole zaidi, na yaliudhi ngozi kidogo zaidi. Yakipakwa bila kupunguzwa huunguza. Mwarobaini una sifa za kupambana na bakteria, lakini majani ya kutwanga nyumbani hayana kipimo. Atakayeyatumia ayajaribu kwanza kwenye mkono kwa siku mbili.

Limau ni suala jingine. Maji yake ni makali, na yakibaki usoni mtu akatoka juani, huweza kusababisha malengelenge na kuacha weusi mkubwa kuliko doa lililokusudiwa kuondolewa. Dawa ya meno, majivu na spiriti navyo hukausha kipele kimoja na kuunguza ngozi iliyokizunguka. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na kwa wali, lakini usoni huziba matundu ya wengi. Tena, mama anayemsuka mwanawe aangalie paji la uso: vipele vidogo vilivyojipanga karibu na mstari wa nywele mara nyingi hutokana na mafuta ya nywele yanayoteremka. Kwa kijana wa namna hiyo, kubadili mafuta au kuyapaka mbali na paji kunaweza kuwa tiba tosha, isiyogharimu chochote.

Katika chakula, lawama nyingi huangukia vitu visivyostahili. Karanga, mayai na parachichi hukatazwa katika nyumba nyingi bila ushahidi wa kutosha, na kijana anayekua hunyimwa chakula bora. Kilicho na ushahidi zaidi ni vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka: soda, juisi za sukari, mkate mweupe, mandazi na vitumbua vya kila asubuhi. Utafiti mdogo uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2007 uliwahusisha vijana 43 wa kiume. Waliokula kwa wiki 12 vyakula visivyopandisha sukari kwa haraka walipungukiwa na vipele kuliko wenzao. Maziwa nayo yamehusishwa na chunusi kwa baadhi ya watu, pamoja na unga wa protini ya maziwa wanaotumia wanaojenga misuli. Tungependa mzazi apunguze soda na kuongeza dona, maharage na mboga, mambo yenye faida hata kama chunusi zitabaki. Ila asimwambie mwanawe kwamba amejiletea mwenyewe. Wapo wanaokula chipsi kila siku na nyuso zao ni laini, na wapo wanaojinyima kila kitu bila nafuu.

Zipo chunusi ambazo hazifai kusubirishwa dukani: zenye vinundu vikubwa vinavyouma chini ya ngozi, zinazoacha makovu yenye mabonde, zilizoenea kifuani na mgongoni, au zinazofuatana na hedhi isiyo na mpangilio na ndevu kwa msichana. Vivyo hivyo kwa kijana aliyeacha kwenda shule au kukutana na wenzake kwa sababu ya uso wake, hata kama vipele vyenyewe ni vichache. Rufaa haimaanishi lazima Dar es Salaam. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifunza wataalamu tangu miaka ya 1990, na waliohitimu hapo wanahudumu katika mikoa mbalimbali. Mtaalamu anaweza kuandika isotretinoini, dawa ya kumeza yenye nguvu kuliko zote tulizotaja. Haiuzwi kienyeji, kwa sababu humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Msichana hupimwa mimba kabla ya kuianza na hufuatiliwa muda wote anapoitumia.

Ambaye tayari ametumia krimu ya siku tatu kwa wiki nyingi asiitupe leo na kujifungia ndani kesho uso ukivimba. Aende nayo kituo cha afya, aeleze ameipaka tangu lini na mara ngapi kwa siku, ili aongozwe namna ya kuiacha na apewe kitu cha kutuliza ngozi katika kipindi hicho kigumu. Mzazi aandamane naye bila kumsuta.

Kwa malalamiko, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na wa dawa uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Krimu yenye klobetasoli ni dawa, hata ikiwa imepangwa kwenye rafu ya manukato. Kama huna hakika ni ipi, peleka taarifa kwa mojawapo. Dai risiti kila unaponunua, andika jina la duka na tarehe, na uhifadhi kasha pamoja na tyubu yenyewe hata kama imebaki nusu, kwa sababu hicho kilichobaki ndani ndicho kitakachopimwa maabara.