Trela inapopoteza taa, anza na waya wa ethi

Lori lenye trela isiyowaka taa za nyuma huonekana ukiwa umeshalifikia. Kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, hasa kipande kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi na mteremko wa Kitonga, hatari hiyo ni ya kila usiku. Dereva ameona taa za kichwa zinawaka na kuridhika. Nyuma ya mzigo wake haoni, na anayeumia ni anayemfuata. Kwangu mimi, nyaya za trela zinastahili uangalifu uleule tunaozipa breki.

Dalili zake si ngeni. Indiketa ya kushoto ikiwashwa, taa za breki na za usiku nazo zinapepesa. Breki ikikanyagwa, taa zote zinafifia. Wengi hukimbilia kubadilisha balbu, na balbu hazina kosa lolote. Waya wa ethi, unaorudisha umeme wa taa zote kwenye hasi ya betri, umekatika au umeliwa na kutu. Umeme ukikosa njia yake hupenya kwenye balbu za jirani kutafuta pa kutokea. Pengine hurudi kupitia kingipini, pini inayounga trela na kichwa, penye grisi tele, na taa zinakuwa za kuwaka na kuzima kila trela inapotikisika.

Fungua kwanza plagi inayounganisha kichwa na trela. Iliyoingia maji utaikuta na unga wa kijani umezunguka pini, na skrubu zake zimelegea hadi zinazungushika kwa kucha. Kwenye plagi ya kawaida ya volti 24 yenye pini saba, namba 1 ni ethi, waya mweupe. 2 na 6 ni taa za usiku, kushoto na kulia. 3 na 5 ni indiketa kwa mpangilio huohuo. 4 ni breki. Vitrela vya volti 12 vinavyovutwa na pikapu vina utaratibu mwingine: kwenye plagi yao ya pini saba, ethi ni namba 3. Rangi zisiaminiwe kwenye trela kuukuu, maana kila fundi aliyepita aliunga kwa waya aliokuwa nao. Fuata namba, kisha pima.

Kupima nako kuna mtego. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utasoma volti 24 kamili, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Ubebeshe balbu ya wati 21, volti zinaporomoka. Kwa hiyo pima taa ikiwaka: ncha moja ya mita kwenye ethi ya taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Ukikuta volti mbili tatu hapo, njia ya kurudi ni mbovu.

“Fundi, nifungie tepu tu, mzigo unasubiriwa Tunduma.” Ombi hili ndilo linaloua. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuviringwa tepu hunyonya maji ya mvua ya kwanza, na shaba inageuka nyeusi ndani kwa ndani. Kata mpaka ukutane na shaba inayong’aa, hata ikibidi kuongeza kipande cha waya. Unga kwa solda au kwa kiungio cha kubana, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, na usiweke viungo vyote mahali pamoja. Kisha fungia nyaya kwenye chesisi, mbali na springi na tairi. Zikisagika hapo zitaharibika tena.

Fyuzi ya taa ikiungua baada ya matengenezo hayo, kuna waya unaogusa chuma, na kazi haijaisha. Anayeweka kipande cha waya badala ya fyuzi anaandaa moto chini ya mzigo wa mtu.

Mwisho dereva aingie ndani, utingo asimame nyuma aitike taa moja baada ya nyingine: kushoto, kulia, breki. Halafu lori likate kona kali pande zote mbili, taa zikiwa zinawaka. Waya wa plagi ukikazika kwenye kona hiyo ni mfupi mno. Ubadilishwe kabla lori halijatoka gereji.