Supu ya Makongoro Haijengi Taya

Wiki iliyopita niliulizwa tena, na safari hii aliyeuliza alikuja na chupa ya chai kwapani: "Daktari, nikinywa hii asubuhi na jioni, mfupa wa taya si utarudi?" Ndani hamkuwa na chai. Ilikuwa supu ya makongoro.

Hautarudi. Supu ikishuka tumboni inasagwa kama ugali; mwili hauna tarishi wa kubeba kongoro la ng'ombe hadi kwenye pengo la gego lako. Vidonge vya kalsiamu ni hadithi ile ile. Kalsiamu ni saruji: mwaga mifuko mia kiwanjani bila fundi, uone kama utapata nyumba. Fundi ni seli hai, na damu ya kuzilisha. Tena mfupa unaoshika jino upo kwa ajili ya jino. Likitoka, unakosa kazi na kuanza kuliwa: ndani ya miezi 12 upana wake unaweza kupungua kwa karibu nusu, sehemu kubwa ikienda miezi 3 ya mwanzo. Kwa walaji makongoro pia.

Linaloniudhi ni kwamba mtu huyu anatafuta fundi sufuriani baada ya kumfukuza aliyekuwa naye. Jino limeng'olewa saa nne; saa sita keshasukutua maji moto ya chumvi "kutoa damu chafu". Lile donge jeusi la damu shimoni ndilo jukwaa ambalo seli hupanda kujenga. Ukilitema, mfupa unabaki uchi, na siku ya tatu maumivu yanakurudisha kwangu. Subiri saa 24, kisha sukutua taratibu.

Njia zilizopo, haraka haraka. Shimo dogo: tunavuta damu yako kidogo, inazungushwa kwenye mashine, unapatikana utando wa njano laini kama nyama ya dafu, njia ya Mfaransa Joseph Choukroun ya mwaka 2001. Unasaidia ufizi kupona. Ukuta wa mfupa uliobomoka hauusimamishi peke yake. Mfupa umepungua: tunakwangua wako wa kidevuni au nyuma ya magego, tunapandikiza, unasubiri miezi kadhaa. Taya limekatwa kwa uvimbe: tunachukua kipande cha mfupa wa nyonga, au mfupa mwembamba wa mguu pamoja na mishipa yake ya damu. Sigara uache. Kisukari kidhibitiwe kwanza.

Supu kunywa, ni chakula. Siku ya kwanza tu baada ya kung'oa jino, isiwe ya moto.